Namna ya Kulitua Jiwe

Nyangeta hakuwa mtu wa kusimulia njia. Ukimuuliza alifikaje Lukanda, atakujibu kwamba alifika, basi. Vumbi ni vumbi popote, na miguu yake ilikuwa ikimuuma hata kabla hajatoka kwake. Alichopenda kusimulia ni yale aliyoyakuta huko, na aliyasimulia taratibu, uso mkavu, mpaka waliomsikiliza wakawa hawajui kama wanaruhusiwa kucheka.

Alikuwa askari magereza mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, asiyependa maneno mengi wala chai isiyo na maziwa. Kwao magereza yalikuwa yamefurika. Wakubwa wakasikia kwamba Lukanda kuna sheria inayomrekebisha mfungwa hata anatoka mpole, hana ubavu wa kumsumbua mtu. Wakamtoa Nyangeta kwenye mapumziko yake, wakamwambia aende akaone kwa macho, arudi na taarifa.

Mwenyeji wake alikuwa Mheshimiwa Luhende, Spika wa Baraza la Lukanda, mtu mnadhifu aliyezungumza kana kwamba kila neno lake linaandikwa mahali. Siku ile ile ya kufika kwa Nyangeta alimpeleka katikati ya uwanja wa gereza, akamwonesha jiwe. Lilikuwa jeusi, la mviringo, limelainika kwa kushikwashikwa, kubwa kama kondoo aliyejikunja. Luhende akaliwekea mkono juu kama mtu anayemtambulisha mzazi wake.

Lukanda, alieleza, hakuna hukumu ya miaka. Hakimu hataji mwaka wala mwezi. Mtu akipatikana na hatia anaingia gerezani, na atatoka siku atakaposhindwa kuliinua jiwe lile mpaka magotini. Sababu yake ni nyepesi mno, hata mtoto anaielewa. Aliyepiga alipiga kwa nguvu, aliyevunja alivunja kwa nguvu, aliyeiba alibeba. Mwondolee mtu nguvu, umemwondolea kosa.

Nyangeta akauliza inakuwaje kwa mtu aliyeiba kwa kalamu.

Luhende alifurahi kuulizwa. Sheria yao haibagui, alisema. Juzijuzi tu mtunza ghala la nchi alipatikana na hatia ya kuyapoteza mahindi ya akiba kwenye makaratasi. Alipelekwa gerezani kama mtu mwingine yeyote, akaoneshwa jiwe, akashindwa hata kulitikisa, akawa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Sasa ni mjumbe wa Baraza, na akisimama kuzungumzia maadili watu wanatokwa na machozi. Nyangeta alimtazama vizuri aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Ndani ya gereza mambo yote yalikuwa kinyume na aliyoyazoea. Wafungwa walikuwa wamelala kivulini kwenye mikeka, na askari ndio waliokuwa wakipasua kuni. Mfungwa wa Lukanda haruhusiwi kushika ufagio, ndoo wala jembe, na sahani yake hupewa ikiwa nusu, isije ikamjenga mkono. Askari wanateka maji, wanalima bustani, wanafua, na aliyeishiwa nguvu kabisa wanambeba mgongoni kumpeleka kuoga. Kwa hiyo askari wa nchi ile walikuwa na mabega ya kutisha. Mjini watu walikuwa wameanza kulalamika kwamba siku hizi wanaowaogopa ni askari, na Baraza lilikuwa limeunda kamati ya kulitazama hilo.

Nyangeta aliomba kuwaona waliokwisha kurekebishwa, akapelekwa sokoni. Walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wa bucha, wembamba, shingo zimelegea, wakisubiri mtu wa kuwapa kazi. Lakini Lukanda ni nchi ya vilima, na hakuna kazi isiyoanza na kubeba. Ukilima unapandisha samadi, ukijenga unapandisha mawe, ukiuza unapandisha magunia. Hawa wasingeweza kupandisha hata debe tupu. Njaa ikiwabana wanaiba kile wanachokiweza, yaani mayai, vijiko, kofia, na wakikamatwa wanarudishwa gerezani, wanaoneshwa jiwe, wanashindwa, wanatoka, wanaiba tena.

Alimuuliza Luhende kama hilo haliwasumbui. Luhende akashangaa kidogo. “Mama, zamani watu hawa walikuwa wanaiba ng’ombe,” alisema. “Leo wanaiba mayai. Niambie ni nchi gani nyingine imepiga hatua kama hiyo.”

Nyangeta akaandika, kwa sababu ndicho alichotumwa kufanya.

Lakini mtu mmoja jambo hili lilikuwa limemchosha. Huyo ni mkuu wa gereza, Afande Malogo, mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyeishi miaka mingi karibu na watu waliolala. Alikuwa amechoka kuwapokea wale wale. Akaenda Barazani akaomba ruhusa ya kuwafundisha wafungwa kunyanyua vitu vizito, waote nguvu, wajue namna ya kuzitumia. Baraza lilicheka sana, kisha likamruhusu ajaribu, kwa kuwa jaribio lenyewe halikuwa na hasara. Kila atakayejiongezea nguvu atakuwa amejiongezea kifungo kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya kwanza walijitokeza wafungwa wengi, wakidhani kutakuwa na nyama. Hapakuwa na nyama. Wakaondoka mmoja mmoja kurudi mikekani, mpaka akabaki mtu mmoja anayeitwa Lubango.

Nyangeta aliwakuta nyuma ya jiko. Palikuwa na magunia ya mchanga, gogo la mvule, na mawe ya kila ukubwa. Alitarajia kusikia kelele za mazoezi kama zile za kambini kwao, lakini pale palikuwa kimya hata akasikia kuni zikilia motoni ndani ya jiko. Lubango, mwanamume kijana mwenye kifua kama pipa, alikuwa amepandisha jiwe moja mpaka kifuani. Akaanza kulishusha. Alilishusha polepole, jasho likimdondoka kidevuni, akalitua juu ya kigae cha chungu kilichowekwa chini. Kigae hakikupasuka. Malogo akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasogeza kigae kingine, chembamba zaidi.

“Kuinua hata ng’ombe anaweza,” alimweleza Nyangeta. “Mimi nasikiliza anavyotua.”

Sharti lake lilikuwa hilo tu. Jiwe likilia, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha, na Lubango anarudi mkekani na hasira zake. Mwanzoni lililia kila siku. Lubango alikuwa akilitupa, halafu anawatazama wote waliopo kama anayetafuta wa kupigana naye, na Malogo anachukua kigae kilichovunjika anakwenda zake. Ilichukua muda mrefu kabla hawajafika jiwe la pili.

Nyangeta alikaa naye mara nyingi baada ya hapo. Mtu aliyefanya kazi ya gereza kwa miaka anajua mfungwa anayemfurahisha mgeni na mfungwa anayesema kweli, na huyu alikuwa wa aina ya pili. Alimhadithia kisa chake bila kujipamba. Mbuzi wake alikuwa ameingia kwenye bustani ya jirani, mama mjane anayeitwa Bi Mwalu, akamlia mboga. Bi Mwalu akamshika mbuzi akamfungia ndani ya nyumba mpaka alipwe mboga zake, ambayo ni haki yake. Lubango akaja juu. Bi Mwalu, alipomwona anavyokuja, akafunga mlango. Lubango akausukuma. Mlango ulikuwa wa mninga, mzito, wa urithi. Uling’oka na fremu yake ukamwangukia yule mama. Ulimvunja mkono, na alilala chini yake mpaka majirani walipokuja kuunyanyua, kwa maana Lubango mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbia.

“Mahakamani walipouliza nilifanya nini,” Lubango alisema, “nilijibu nilisukuma tu. Na mama, nilikuwa naamini hivyo. Nilikuwa sijui hiyo ‘tu’ yangu ina uzito gani.”

Mlango wenyewe ulikuwepo pale pale, umeegemezwa kwenye ukuta wa gereza, kwa kuwa ulikuwa kidhibiti, ushahidi wa kesi. Sheria ya Lukanda inasema kidhibiti hukaa gerezani pamoja na aliyekosa, na hurudishwa kwa mwenyewe siku mfungwa anapotoka. Kila asubuhi Lubango akienda kunawa alipita mbele yake. Nyangeta aliugonga kwa kidole, akaona kweli ni mti.

Wakati huo Malogo alikuwa amepeleka ombi jipya. Alitaka mazoezi yawe ya wafungwa wote, na sheria ibadilishwe, mfungwa atoke siku atakapoweza kuliinua jiwe na kulitua bila sauti. Baraza likakaa kulijadili, na Nyangeta akapewa kiti cha wageni.

Mjadala ulikuwa mrefu, na sehemu kubwa yake Nyangeta aliiandika kwa mstari mmoja mmoja. Mjumbe mmoja alisema mwizi mwenye nguvu atakimbia haraka zaidi. Mwingine akasema mtu akinyanyua vitu anasikia njaa, na chakula hicho kitatoka wapi. Yule aliyekuwa mtunza ghala alisimama akasema kwa uchungu kwamba nguvu huzaa kiburi, na kwamba yeye mwenyewe ni ushahidi wa jinsi udhaifu unavyoweza kumrudisha mtu kwenye jamii. Wakampigia makofi. Malogo alisema ya kwake kwa sauti yake ile ya chini, na nusu ya Baraza haikumsikia.

Kisha akaitwa Bi Mwalu, na hapo Nyangeta akaacha kuandika ili amtazame. Alikuwa mama mfupi, kilemba kimefungwa vizuri, mkono wa kulia ameukunja kifuani kwa mazoea. Hakuwasalimia kwa urefu kama wengine.

“Mimi sijui sheria,” alisema. “Najua mlango. Tangu siku ile nyumba yangu haina mlango, nina pazia, kwa sababu nikiona mlango umefungwa mbele yangu napumua kwa shida. Paka wanaingia, mvua inaingia. Sasa mnaniambia mtu huyu mnamlisha nguvu. Mtakapomwachia, anakuja kukaa jirani na nani? Na nyie?”

Malogo akainamisha kichwa. Nyangeta aliona haya kidogo, kwa maana katika yale mazungumzo yake yote nyuma ya jiko hakuwa amemfikiria mama huyu kama mtu atakayelala tena kitandani kwake kwenye nyumba ile ile. Alikuwa amemfikiria kama sehemu ya kisa cha Lubango.

Baraza lilipiga kura baada ya chakula. Uamuzi wake ulisomwa na Luhende kwa sauti ya kujivunia. Lubango atapelekwa mbele ya jiwe. Ikiwa mazoezi kweli yanamrekebisha mtu, basi atashindwa kuliinua kama walivyoshindwa wote waliorekebishwa kabla yake, na ombi la Afande litapita. Akiliinua, itakuwa imethibitika kwamba mazoezi hayarekebishi. Nyangeta aliomba asomewe tena. Akasomewa, neno kwa neno, na hakuna aliyeona tatizo.

Tena wakampa kazi. Lukanda kila mtu ni ndugu wa mtu au ana ugomvi na mtu, kwa hiyo shahidi wa jiwe huwa ni mgeni. Mgeni huweka kiganja chake mgongoni mwa mfungwa wakati anapoinua, apate kujua kama misuli inafanya kazi au inaigiza. Neno lake ni la mwisho. Hapakuwa na mgeni mwingine nchini ila Nyangeta.

Kwa miaka yote ya kazi hakuwahi kumpindishia mfungwa hata kijiko cha uji. Lakini alasiri ya kuamkia siku ya jiwe alikwenda nyuma ya jiko, akaketi juu ya gogo la mvule, akazungumza akitazama pembeni. Alimwambia Lubango kwamba kiganja chake kimezeeka. Kwamba mgongo wa mtu ni kitu kigumu kukisoma. Kwamba kama kesho jiwe halitapanda, yeye hataona ajabu, na mlango wa gereza utakuwa wazi, na ombi la Afande litakuwa limepita, na hakuna atakayeumia.

Lubango alielewa, akachezea kigae. Alikuwa kijana bado, na nje ya ukuta ule alikuwa na mama yake na shamba linaloota magugu.

“Nashukuru, mama,” alisema mwishowe. “Lakini nimekaa humu nikijifunza kitu kimoja, nisidanganye kuhusu nguvu zangu. Siku ile nilisema nilisukuma tu. Kesho nikisema siwezi, nitakuwa sijajifunza chochote.”

Nyangeta aliondoka amekasirika. Alimkasirikia kijana, akamkasirikia Malogo aliyemfundisha, kisha akajikasirikia mwenyewe, maana alijua angekuwa yeye angelala chini ajidai amezimia.

Kesho yake uwanja ulijaa. Nje ya lango walikuwepo wengine wengi, na juu ya ukuta alikaa mpiga mbiu, ambaye kazi yake ni kuwatangazia walio nje. Mpiga mbiu hana haja ya kutazama. Mfungwa akiweza kuinua hulibwaga jiwe, jiwe likilia yeye anatangaza “Bado!” na watu wanatawanyika. Lisipopanda, anangoja kuambiwa, kisha anatangaza “Ametoka!” Ndivyo ilivyokuwa tangu babu zake.

Bi Mwalu alikuwa mstari wa mbele. Lubango alipoinama, alifumba macho, akaziba masikio, sikio moja kwa mkono mzima na lingine kwa ule uliovunjika. Nyangeta aliweka kiganja mgongoni. Alisikia misuli ikiamka chini ya ngozi mmoja baada ya mwingine, bila papara. Jiwe likapita magoti, likapita kiuno, likafika kifuani, likakaa hapo. Kisha Lubango akalishusha. Uwanja mzima ulikuwa umekaza mabega ukingojea kishindo, na kishindo hakikuja. Jiwe lilikuwa limekaa chini, mahali pake.

Juu ya ukuta mpiga mbiu aligeuka huku na huku, hajui atangaze nini. Bi Mwalu naye aliendelea kuziba masikio kwa muda. Akafumbua jicho moja, akaliona jiwe chini na Lubango amesimama kando yake mikono mitupu, akashusha mikono yake taratibu, akamuuliza jirani yake kama bado hajaanza.

Luhende alimwita shahidi. Nyangeta akasema kweli: ameliinua, hakuigiza, na amelitua.

Kwa sheria, Lubango alikuwa amejifunga upya. Askari walimshika mikono kumrudisha ndani, na mama yake alisikika akilia nje ya lango. Lakini wajumbe wa Baraza hawakuondoka. Walikuwa wamelizunguka jiwe, wanalitazama kwa wasiwasi. Jiwe la Lukanda siku zote hulia. Likitua lisilie, kuna kasoro, na kasoro haiwezi kuwa kwa mtu, maana mtu alikuwa mfungwa. Wakalipapasa. Yule mtunza ghala wa zamani ndiye aliyegundua. Jiwe limeliwa, alisema, limelainika kwa kushikwa na watu vizazi na vizazi, limekuwa jepesi kama mkate. Mtu amelishusha kama anavyoshusha mkate. Wote wakaona ni kweli, na wengine wakasema walishaanza kulishuku. Kwa kuwa jiwe lilikuwa bovu, jaribio lilikuwa bovu. Wakaamuru lichimbwe jiwe jipya kilimani, zito kupita lile, na Lubango ajaribiwe tena.

Liliburutwa na askari wote wa gereza, na mabega yao yale, kwa kamba na magogo. Siku lilipofika, Nyangeta alilitazama akajua kwamba hakuna mwana wa mtu atakayelitoa ardhini peke yake. Alimwona Malogo pembeni, na Malogo akatazama juu angani kama anayekagua mawingu.

Lubango aliinama. Nyangeta akaweka kiganja. Safari hii misuli iliamka yote kwa pamoja, ikakaza, mgongo ukatetemeka chini ya kiganja chake. Kijana alivuta kwa nguvu zake zote, uso ukaiva, mishipa ya shingo ikasimama. Akapumzika, akajaribu tena, akabadilisha mshiko, akajaribu tena. Nyangeta alipotaka kumwambia basi, yeye bado alikuwa anajaribu. Mwishowe akainuka, akafuta mikono kwenye kaptula yake, akasema, “Hili siliwezi.”

Luhende akamwita shahidi. Nyangeta alisema kweli kwa mara ya pili: ameshindwa, na hakuigiza hata kidogo. Juu ya ukuta mpiga mbiu akapiga kelele “Ametoka!” kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kazi yake.

Spika alitoa hotuba. Alisema leo imethibitika mbele ya macho ya mgeni kwamba mazoezi yanamwondolea mtu nguvu. Kijana aliingia gerezani akiwa na uwezo wa kung’oa mlango wa mninga. Amenyanyua mawe kwa muda mrefu, na sasa hawezi kutikisa jiwe moja. Ombi la Afande likapita bila kupingwa, mazoezi yakawa ya wafungwa wote, na ile kamati ya mabega ya askari ikapendekeza askari nao wafanyishwe, labda yatapungua. Malogo alipewa mkono wa pongezi. Aliupokea, na Nyangeta, aliyekuwa amesimama karibu, aliona kwamba amejiuma mdomo.

Yote hayo aliyaweka kwenye taarifa yake, kwa mpangilio, na wakubwa wa kwao waliisoma wakasema haieleweki kama anaisifu sheria ile au anaiponda. Wakaiweka kabatini. Lililotokea baada ya hotuba hakuliandika. Alilisimulia tu, na kila alipolisimulia aliweka kikombe chini kwanza.

Ulibaki mlango. Kidhibiti kilipaswa kurudishwa, na kwa desturi hubebwa na askari, kwa sababu anayetoka huwa hawezi kubeba hata kofia yake. Malogo alimwambia Lubango aubebe mwenyewe. Watu walikuwa wamekwisha kwenda kusherehekea, hakuna aliyewaona. Lubango akauweka mgongoni, fremu na yote, akapanda nao kilima, na Nyangeta akifuata nyuma akihema.

Bi Mwalu alikuwa amewaona tangu wakiwa bondeni. Alisimama mbele ya pazia lake, mkono kifuani, na walipofika ukingoni mwa bustani akawaambia waishie hapo. Lubango akasimama.

“Shikamoo, shangazi,” alisema, amejikunja chini ya mlango.

Hakuitikia. “Uweke hapo,” alisema.

Lubango akapiga goti, akauteremsha mlango ule, akaulaza juu ya majani ya maboga. Bi Mwalu alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja. Alikuwa anasikiliza. Aliendelea kusikiliza hata baada ya mlango kutulia.

“Haya, nenda,” alisema.

Lubango akageuka akaanza kuteremka. Bi Mwalu alikuja mpaka kwenye mlango wake, akaupapasa, akaingiza vidole chini ya ukingo akajaribu kuuinua. Nyangeta akashika upande wa pili. Walisukuma, wakavuta, wakapumzika wakitazamana, wanawake wawili watu wazima, mmoja mkono mmoja na mwingine magoti mabovu, na mlango haukusogea. Bi Mwalu akaketi juu yake. Alikaa hapo akilitazama pazia lake lililochakaa, halafu akaitazama njia, ambako kijana alikuwa bado hajafika mbali, kwa kuwa alikuwa akitembea kama mtu asiyejua anakwenda wapi.

“Lubango,” akaita. Hakupaza sauti sana. Kijana akageuka. “Njoo uuweke. Polepole.”

Ilimchukua alasiri yote. Aliichimbia fremu, akaigongea kwa mawe madogo, akauning’iniza mlango kwenye bawaba zake, na kila kitu alikifanya kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtoto amelala ndani. Bi Mwalu hakumsogelea, wala hakumwondolea macho. Alipomaliza, Lubango akarudi nyuma akasimama kwenye mboga, mikono ameiweka mgongoni.

Bi Mwalu akaingia ndani, akaufunga mlango. Nyangeta alisikia pumzi yake upande wa pili, inakwenda mbio, kisha inajizuia, kisha inakwenda. Alitaka kumwita atoke, akajizuia.

“Sukuma,” ilitoka sauti ya ndani.

Lubango hakuelewa. Alimtazama Nyangeta. “Shangazi?”

“Nimesimama hapa hapa nyuma yake. Sukuma nione.”

Nyangeta aliyemwona kijana akivuta jiwe lile la kilimani bila woga alimwona sasa anaogopa mlango. Akasogea mpaka mlangoni, akatoa mkono mmoja mgongoni, akaweka kiganja kwenye mbao, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akasukuma.

Mlango ulifunguka taratibu, ukafika kwenye kidole cha mguu wa Bi Mwalu, ukasimama.

Bi Mwalu alikiangalia kidole chake, kisha akamwangalia kijana. “Marahaba,” akasema.